Hakuna Lugha Iliyozaliwa Duni: Kihmong na Kidenmark katika Mizani Moja

Imekuwa desturi, kila zinapozungumzwa habari za lugha katika shule na ofisi, kusikia lugha za dunia zikipangwa kama askari katika gwaride. Mbele husimamishwa zile ziitwazo lugha kubwa. Nyuma huwekwa zile ziitwazo lugha ndogo. Na nyuma kabisa hutupwa zile ambazo hata jina la lugha hunyimwa, zikaitwa vilugha. Anayezipanga hivyo hasemi kwamba lugha fulani imepewa nafasi na nyingine imenyimwa. Husema kwamba ile ya mbele ina uwezo kwa asili yake, na ile ya nyuma haina: haina sarufi, haina msamiati, haiwezi kubeba elimu wala fikra za juu. Hoja hiyo tunaikataa, na katika makala haya twakusudia kuonyesha kwa nini hapana budi kila mwalimu na kila mwanafunzi aikatae.

Tumechagua kwa makusudi lugha mbili ambazo hakuna hata moja iliyo yetu, ili tusije tukashutumiwa kwamba tunajipigia debe. Ya kwanza ni Kidenmark, lugha ya taifa la Denmark katika Ulaya ya Kaskazini. Lugha hiyo ina Biblia kamili tangu mwaka 1550, na mji mkuu wa nchi yake, Copenhagen, una chuo kikuu tangu mwaka 1479. Ya pili ni Kihmong, lugha ya wakulima wa milimani kusini ya China na kaskazini ya Vietnam, Laos na Thailand. Wahmong hawana dola yao. Vita vya Laos vilipokwisha mwaka 1975, maelfu kwa maelfu walivuka mto Mekong kukimbilia Thailand, na kutoka makambini wakatawanyika hadi Marekani, Ufaransa na Australia. Leo Marekani peke yake ina Wahmong zaidi ya 300,000.

Kwa mujibu wa gwaride tulilolitaja, Kidenmark husimama mbele, na Kihmong pengine hakitajwi kabisa. Wala sababu si wingi wa watu, kwa kuwa wakazi wa Denmark ni takriban milioni sita tu, na Wahmong nao ni mamilioni kadhaa. Basi na tuziweke lugha hizi katika mizani moja, tuone kama mizani itakubaliana na gwaride.

Tuanze na sauti. Wako wanaodhani kwamba lugha za watu wa milimani zina sauti chache tena za ovyo. Kihmong Cheupe, ambacho ni mojawapo ya lahaja kubwa za lugha hiyo, kina konsonanti za kuanzia silabi zaidi ya hamsini, na nyingi hutanguliwa na king'ong'o kama zifanyavyo mb na nd zetu. Juu ya hayo kina toni saba. Silabi ileile ikibadilishwa toni hugeuka kuwa neno jingine kabisa. Wahmong huandika pob wakimaanisha donge, poj wakimaanisha wa kike, pov kutupa, po bandama, pos mwiba, pog bibi mzaa baba, na pom kuona. Ile herufi ya mwisho katika maneno hayo haitamkwi. Ni alama ya toni tu. Mtoto wa Kihmong huyatofautisha maneno hayo yote akicheza uani, kabla hajashika kalamu.

Kidenmark hakina toni za namna hiyo, lakini kina jambo linalozikaribia. Wenyewe huliita stød, nalo ni kukwama kidogo kwa sauti kooni katikati ya silabi. Hun, likitamkwa bila mkwamo huo, maana yake ni yeye, kwa mwanamke. Hund, likitamkwa nao, maana yake ni mbwa, na ile d ya mwisho haisikiki. Toni ya Kihmong inayoandikwa kwa herufi m nayo hutamkwa kwa sauti ya kukwama kooni. Koo la mkulima wa Laos na koo la profesa wa Copenhagen hufanya kazi moja. Tofauti ni kwamba Mhmong huiandika sauti hiyo, na Mdenmark haiandiki. Hata aliyeieleza kwanza, Jens Pedersen Høysgaard, mwaka 1743, hakuwa profesa: alikuwa mtumishi tu wa chuo kikuu aliyekuwa na masikio mazuri.

Tuje kwenye sarufi. Hapa ndipo hoja ya gwaride ilipovikwa joho la kitaalamu. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Kijerumani August Schleicher alizigawa lugha za dunia katika madaraja matatu. Chini aliziweka lugha ambazo maneno yake hayabadiliki umbo, kama Kichina. Kihmong kingeingia humo. Katikati aliziweka lugha zinazopachika viambishi vinavyoonekana wazi, na humo ndimo Kiswahili na ndugu zake wa Kibantu wangeingia. Juu kabisa aliziweka lugha kama Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti, ambazo shina na kiambishi huyeyukiana. Msomaji atambue kwamba ngazi hiyo haikujengwa na mtu aliyewekwa chini yake.

Lakini waliokuja kuitia ngazi hiyo nyufa ni Wazungu wenyewe kwa lugha zao wenyewe. Kidenmark cha leo kimekwisha kuviacha viambishi vingi vya kale. Kitenzi chake hakibadiliki kwa nafsi: jeg er, du er, vi er, de er, yaani mimi ni, wewe ni, sisi ni, wao ni, neno er ni lilelile. Kwa kipimo cha Schleicher, Kidenmark kimekuwa kikiteremka ngazi kuelekea pale aliposimama Mhmong. Je, Wadenmark wamepungukiwa na akili kwa kiasi hicho? Mtaalamu wao Otto Jespersen aliiona kasoro hiyo, na mwaka 1894 akatoa hoja kwamba kupungukiwa na viambishi ni maendeleo, wala si kuoza. Sisi hatuna haja ya kuigeuza ngazi juu chini. Twasema kwamba ngazi yenyewe haipo.

Tazameni jinsi Mhmong anavyohesabu vitu. Nyumba moja ni ib lub tsev. Nyumba mbili ni ob lub tsev. Jina tsev halibadiliki kwa umoja wala kwa wingi, na mwenye haraka atasema kwamba hapa sarufi haipo. Sarufi iko katika neno lile la katikati. Vitu vya mviringo au vyenye uwazi ndani huhesabiwa kwa lub, vyenye mpini kama kisu huhesabiwa kwa rab, vilivyo bapa huhesabiwa kwa daim. Neno ntawv hutumika kwa mambo ya karatasi na maandishi: phau ntawv ni kitabu, daim ntawv ni karatasi moja, na tsab ntawv ni barua. Sisi tunaojua jinsi mtoto, kitoto na utoto yanavyotoka katika shina moja kwa kubadili ngeli hatuwezi kuuita utaratibu huo ujinga. Kidenmark nacho kina ngeli mbili tu za majina, ya en na ya et. Kitabu ni en bog na nyumba ni et hus, na ukimwuliza Mdenmark kwa nini iwe hivyo, atakwambia kwamba ndivyo alivyomsikia mama yake.

Katika hesabu mizani inazidi kutushangaza. Mhmong akitaka kusema hamsini husema tsib caug, yaani tano-kumi. Sabini ni xya caum, saba-kumi. Hamsini na tatu ni tsib caug peb, tano-kumi tatu. Mtoto akijua moja hadi kumi amekwisha kuukaribia mlango wa mia. Mdenmark akitaka kusema hamsini husema halvtreds, ambalo ni kifupisho cha neno refu la kale lenye maana ya "nusu ya tatu mara ishirini", yaani mbili na nusu mara ishirini. Sabini ni halvfjerds, tatu na nusu mara ishirini. Tisini ni halvfems, nne na nusu mara ishirini. Lau kama hesabu hiyo ingeonekana katika kijiji cha milimani, hapana shaka wangetokea wageni wa kuandika kwamba wenyeji bado wanahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, na kwamba hawataweza sayansi. Lakini kwa hesabu hiyohiyo Denmark imejenga meli, imejenga madaraja, na imemlea Niels Bohr, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1922. Basi hesabu ya lugha si kizuizi cha sayansi, wala haikuwa kizuizi popote.

Hata katika majina ya ukoo lugha hizi mbili hukutana bila ya kufahamiana. Kihmong humwita mama mzaa baba pog, na mama mzaa mama humwita niam tais. Kidenmark humwita wa kwanza farmor na wa pili mormor. Kiingereza, ambacho baadhi yetu hukifanya kipimo cha lugha zote, hakina neno moja moja la kuwatenganisha bibi hao. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo Kiingereza ni lugha duni. Twasema kwamba kila lugha hutia alama pale ilipozoea, na asiyeijua hudhani kwamba haina alama.

Hapa mpinzani wetu ataruka kutoka sarufi aingie katika msamiati. Atasema: "Sawa, lakini Kidenmark kina maneno ya sayansi, na Kihmong hakina." Twamjibu kwamba maneno ya sayansi hayakuchimbwa ardhini Denmark kama makaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Hans Christian Ørsted, yuleyule aliyegundua mwaka 1820 kwamba umeme huisukuma sindano ya dira, aliketi akawatungia wananchi wake maneno. Gesi ya oksijeni akaiita ilt, kutokana na neno lao la moto. Haidrojeni akaiita brint, kutokana na neno lao la kuungua. Maneno hayo hutumika Denmark hadi leo. Wahmong nao, walipoiona eropleni, hawakusubiri ruhusa ya mtu. Waliiita dav hlau, yaani mwewe wa chuma. Sisi tuliiita ndege, na hakuna abiria aliyewahi kupotea kiwanjani kwa sababu ya jina hilo. Uwezo wa kuunda maneno kila lugha inao. Kinachokosekana ni vitabu, maabara na madarasa ya kuyatumia maneno hayo baada ya kuundwa.

Limebaki suala la maandishi, ambalo ndilo ngome ya mwisho ya wapinzani. Wazee wa Kihmong husimulia kwamba zamani walikuwa na vitabu, vikapotea walipokimbia maadui na kuvuka mito; wengine husema vililiwa na wanyama. Lakini watu hao wasio na vitabu hawakuwa watu wasio na fasihi. Wanazo nyimbo za kujibizana ziitwazo kwv txhiaj, zenye mizani na vina vya namna yake. Wanayo qeej, ala ya upepo iliyoundwa kwa mianzi, ambayo milio yake hufuata toni za maneno, hata wajuzi huisikia ikinena mazishini, ikimwelekeza marehemu njia ya kurudi kwa wahenga wake. Kati ya mwaka 1951 na 1953 wamisionari watatu, wakisaidiwa na Wahmong wenyewe, waliunda huko Laos maandishi ya herufi za Kirumi ambayo ndiyo tuliyoyatumia katika mifano yetu. Na mwaka 1959 mkulima aitwaye Shong Lue Yang, asiyejua kusoma wala kuandika lugha yoyote, aliunda alfabeti mpya kabisa ya Kihmong, iitwayo Pahawh, kisha akaendelea kuirekebisha mara kwa mara. Alishukiwa na pande zote mbili za vita, na mwaka 1971 akauawa. Maandishi yake hayakufa naye: mwaka 2014 yaliingizwa katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta.

Mpinzani atasema kwamba maandishi ya mwaka 1953 ni ya jana. Na tumwulize: maandishi ya Kidenmark ni ya lini? Ni kweli kwamba mawe ya kale ya Denmark yana maandishi ya zaidi ya miaka elfu moja. Lakini tahajia wanayoitumia shuleni leo ilipata sura yake mwaka 1948, serikali ilipoiingiza herufi å na kuondoa herufi kubwa mwanzoni mwa majina ya kawaida. Miaka mitatu baadaye kazi ya kukiandika Kihmong ilikuwa imekwisha kuanza. Tahajia ni chombo. Hutengenezwa, hunolewa na hutengenezwa tena. Mwenye jembe jipya halimi vibaya kwa sababu jembe lake ni jipya.

Basi ikiwa sauti, sarufi, hesabu, msamiati na maandishi havikulipa gwaride ushahidi, Kidenmark kilifikaje mbele? Jibu limo katika historia ya Wadenmark wenyewe. Kwa karne nyingi Kidenmark kilikuwa kikidharauliwa nyumbani kwake. Wanazuoni waliandika Kilatini, mabwana wakubwa walizungumza Kijerumani na Kifaransa, na hadi miaka ya 1770 askari wa jeshi la Denmark waliamrishwa kwa Kijerumani. Kidenmark kilikuwa lugha ya jikoni na shambani. Mwaka 1722 Ludvig Holberg alianza kuandika michezo ya kuigiza kwa Kidenmark, watu wakaicheka kasumba ya mabwana zao katika lugha yao wenyewe. Mwaka 1814 sheria iliwalazimu watoto wote wasome kwa miaka saba. Hata hivyo, mwaka 1841 mwanafalsafa Søren Kierkegaard ilimpasa amwombe mfalme ruhusa ili aandike tasnifu yake kwa Kidenmark, na baada ya kuruhusiwa, alilazimika kuitetea kwa Kilatini. Wanaodhani kwamba Kidenmark kilizaliwa na kiti chuoni na wakumbuke barua hiyo ya maombi.

Historia hiyo ina upande mwingine, nasi tusiufiche. Baada ya vita vya mwaka 1864, Wadenmark wa Schleswig ya Kaskazini walitawaliwa na Wajerumani, na mwaka 1888 Kidenmark kilifukuzwa katika shule zao, kikaachiwa vipindi vichache vya dini. Uchungu huo waliuonja hadi mwaka 1920, walipopiga kura na kurudi Denmark. Ungetazamia kwamba aliyeumwa na nyoka asingefuga nyoka. Lakini mwaka 1951 serikali ya Denmark iliwachukua watoto 22 wa Greenland kutoka kwa wazazi wao, ikawapeleka Denmark ili wafanywe Wadenmark wadogo. Waliorudishwa Greenland waliwekwa katika makao ya watoto walikotakiwa kusema Kidenmark, na wengi wao hawakuweza tena kuzungumza na mama zao. Serikali ya Denmark iliomba radhi mwaka 2020. Kigreenland kilikuwa kimekwisha kufanywa lugha rasmi ya nchi yake mwaka 2009, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba hakifai.

Twayasema haya kwa sababu yanatuhusu. Kiswahili nacho kimepitia jikoni: Kiswahili kilichokatwakatwa ambacho walowezi wa Kenya walikitumia kuwaamrisha watumishi wao kilipewa hata jina, Kisetla. Sisi Watanzania tulikiinua kwa njia zilezile zilizokiinua Kidenmark, yaani kwa sheria, kwa shule na kwa vitabu. Denmark iliunda baraza lake la lugha mwaka 1955. Sisi tuliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Tofauti ni miaka 12 tu. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia fizikia hana budi kutueleza Ørsted aliweza vipi kuwatungia Wadenmark ilt na brint, na ni kitu gani kinachotuzuia sisi tusiyatumie maneno ambayo tumekwisha kuyatunga.

Lakini fundisho la Greenland nalo ni letu. Kiswahili kilichoponea dharau kisije kikawa mwenye kudharau. Nchini mwetu wapo Wahadza na Wasandawe, ambao lugha zao zina vidoko ambavyo wengi wetu hatuwezi kuvitamka hata tukifundishwa. Wako wengine wengi ambao lugha zao hazina dola, hazina magazeti, na baadhi hazina hata alfabeti iliyokubaliwa. Hali yao ni hali ya Wahmong. Umoja wa taifa letu umejengwa kwa Kiswahili, nasi hatuna nia ya kuubomoa. Walakini hakuna mahali popote ambapo umoja huo ulidai kwamba mtoto aione aibu lugha ya bibi yake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mwanafunzi akija darasani na neno la nyumbani kwao, msimcheke wala msiruhusu acheekwe. Liandikeni ubaoni, muulize toni yake, muulize wingi wake, mlilinganishe na Kiswahili. Hilo ni somo la sarufi lililo bora kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Nanyi wanafunzi, mtu akiwaambia kwamba lugha fulani haina uwezo, mwulizeni maswali matatu: imepewa shule ngapi, imechapishiwa vitabu vingapi, na ni nani aliyeikataza. Akishindwa kujibu, fahamuni kwamba hakuwa akizungumza habari za lugha. Alikuwa akizungumza habari za watu wanaoisema.